Chenin Blanc: Zabibu moja nyeupe, mivinyo ya kila aina

MUUZA vinywaji wa Mtoni, wilayani Temeke, hukutana na swali moja karibu kila mwisho wa wiki. Mteja anashika chupa ya mvinyo mweupe, anaigeuza, anasoma maandishi asiyoyaelewa vizuri, kisha anauliza kama kinywaji hicho ni kitamu au ni kikali. Wauzaji wengi hujibu kwa kubahatisha. Jibu likiwa sahihi, mteja hurudi. Likiwa si sahihi, safari nyingine mteja huyo hununua bia, na chupa zilizobaki hukaa kwenye rafu zikipigwa na vumbi na joto.

Umbali wa takriban kilomita 450 kutoka hapo, mkoani Dodoma, mkulima wa zabibu naye ana swali lake. Avune leo au asubiri wiki moja zaidi? Akikosea, mnunuzi anaweza kuukataa mzigo, na zabibu ikishakatwa haisubiri. Siku mbili tatu za joto zinatosha kuifanya ianze kuchacha ndani ya kreti.

Maswali hayo mawili, la muuzaji na la mkulima, yana jibu moja: kuifahamu zabibu yenyewe. Katika zabibu nyeupe za mvinyo zinazolimwa nchini, inayostahili kufahamika kwanza ni Chenin Blanc, ambayo wakulima wengi wa Dodoma huiita kwa kifupi Chenin. Zabibu hii hutoa mvinyo mkavu usio na sukari, mtamu kiasi, mtamu sana, wa mapovu, na hata brandi. Zabibu chache duniani zina uwezo huo.

Imetoka wapi

Asili ya Chenin Blanc ni bonde la mto Loire, kaskazini magharibi mwa Ufaransa. Huko imelimwa kwa karne nyingi, na jina lake linahusishwa na Mont Chenin, mahali palipo katika eneo la Touraine. Mivinyo maarufu ya bonde hilo, kama Vouvray na Savennières, hutengenezwa kwa zabibu hii, ingawa mara nyingi jina la Chenin halionekani kwenye chupa. Wafaransa wana desturi ya kuandika jina la mahali zaidi kuliko jina la zabibu.

Hata hivyo, nchi yenye mashamba mengi zaidi ya Chenin duniani leo si Ufaransa bali ni Afrika Kusini. Jan van Riebeeck, kiongozi wa kituo cha Wadachi pale Cape, alipanda mizabibu ya kwanza mwaka 1655, na mvinyo wa kwanza ulikamuliwa Februari 2, 1659. Kwa muda mrefu Waafrika Kusini waliita zabibu yao kuu nyeupe kwa jina la Steen, wakidhani ni ya kwao peke yao. Ni mwaka 1965 tu ambapo Profesa C.J. Orffer alipolinganisha majani yake na yale ya Loire na kuthibitisha kuwa Steen na Chenin Blanc ni kitu kimoja.

Kuna kisa cha Afrika Kusini ambacho kila mkulima na mfanyabiashara anafaa kukijua. Mwaka 1959 kampuni ya Stellenbosch Farmers' Winery ilileta sokoni mvinyo mweupe mtamu kiasi ulioitwa Lieberstein, uliotengenezwa kwa kuchanganya Chenin na zabibu nyingine nyeupe. Teknolojia ya kuchachua mvinyo kwa ubaridi ilikuwa bado ngeni, na ndiyo iliyouwezesha kubaki na harufu ya matunda. Mwaka wa kwanza ziliuzwa takriban lita 30,000. Kufikia mwaka 1964 mauzo yalikuwa yamefika lita milioni 31, na ukahesabiwa kuwa mvinyo wa chupa unaouzwa zaidi duniani wakati huo.

Mvinyo huo haukuwa wa matajiri. Ulikuwa wa bei nafuu, mtamu kiasi na rahisi kunywa, na watu waliokuwa hawajazoea mvinyo waliupokea. Wakulima wakapanda Chenin kwa wingi kwa sababu soko lilikuwepo. Kwa maneno mengine, mnywaji wa kawaida ndiye aliyeitajirisha zabibu hii, na mnywaji wa kawaida wa Dar es Salaam anaweza kufanya hivyo hivyo kwa mkulima wa Dodoma.

Dodoma na mizabibu yake

Kilimo cha zabibu Dodoma kilianzishwa na wamisionari wa Kikatoliki kabla ya uhuru, na Bihawana ndiyo hutajwa kuwa chimbuko lake. Baadaye Serikali iliingia kwa nguvu kupitia kampuni ya umma ya DOWICO, iliyokuwa ikinunua zabibu na kutengeneza mvinyo. Kampuni hiyo ilipodhoofika na kusimama, wakulima wengi walibaki bila mnunuzi na baadhi yao wakaitelekeza mizabibu.

Miaka ya 2000 ilileta uhai mpya. Kampuni ya CETAWICO ilijenga kiwanda Hombolo, na Tanzania Distilleries Limited (TDL), ambayo kiwanda chake cha Konyagi kipo Chang'ombe, wilaya hiyo hiyo ya Temeke, imekuwa ikiuza mvinyo unaotokana na zabibu za Dodoma. Vikazuka pia viwanda vidogo vya wazawa. Huko Chinangali, wilayani Chamwino, lilianzishwa shamba la pamoja la umwagiliaji la wakulima wadogo.

Zabibu inayolimwa zaidi mkoani humo ni Makutupora Nyekundu. Jina lake linatokana na Makutupora, kaskazini mwa jiji la Dodoma, palipo na kituo cha utafiti ambacho sasa kipo chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI). Chenin Blanc ni miongoni mwa aina za mvinyo zinazoshughulikiwa na kituo hicho, pamoja na Syrah na Makutupora Nyeupe.

Dodoma ina kitu ambacho Loire na Cape hawana. Kwao mzabibu hulala wakati wa baridi na kuzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma haina baridi ya kuulaza mzabibu, hivyo mkulima mwenyewe ndiye anayeuamsha kwa kukata matawi. Akikata, macho huchipua, na baada ya takriban miezi minne vichala huwa tayari. Kwa njia hiyo hupatikana mavuno mawili kwa mwaka: ya kwanza kati ya Februari na Aprili, na ya pili karibu na Agosti na Septemba.

Mavuno hayo mawili hayafanani. Yale ya mwanzo wa mwaka hukutana na mvua, ambayo Dodoma hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili. Unyevu huleta kuvu, punje hujaa maji na sukari hupungua. Mavuno ya kiangazi hupata jua la kutosha na usiku wa baridi, na kwa kawaida zabibu zake huwa bora zaidi kwa mvinyo, ila zinahitaji maji ya umwagiliaji.

Nchini India, wilaya ya Nashik nayo iko kwenye joto na hupogoa mara mbili kwa mwaka, lakini wakulima wake wa mvinyo huchukua zao moja tu, lile la miezi ya ukavu kuanzia Januari hadi Machi. Upogoaji wa pili hutumika kuujenga mti. Kampuni ya Sula ilipotoa mivinyo yake ya kwanza mwaka 2000, Chenin Blanc ilikuwemo, na leo mvinyo huo umezoeleka kote India. Wenzetu waliamua kuacha zao la msimu wa mvua ili walinde ubora. Hilo ni jambo la kufikiriwa na kila mkulima anayelalamika kuwa mzigo wake wa masika haupati bei.

Siku ya kuvuna huamua kila kitu

Siri ya Chenin ni uchachu wake. Zabibu nyingi zikikaa juani hupoteza uchachu haraka, mvinyo ukawa mzito na usiochangamka. Chenin huushikilia uchachu wake hata sukari inapopanda. Ndiyo maana inafaa nchi za joto, na ndiyo maana mtengenezaji anaweza kuivuna mapema au kwa kuchelewa na bado akapata kinywaji kizuri.

Sukari ya zabibu hupimwa kwa kifaa kidogo cha mkononi chenye kioo, ambacho huonyesha kipimo kiitwacho briksi. Mkulima hukamua tone la punje chache zilizochukuliwa sehemu mbalimbali za shamba, analiweka kwenye kioo na kusoma. Kwa makadirio, kila gramu 17 za sukari kwenye lita moja ya mchuzi wa zabibu zikichachuka hutoa asilimia moja ya kileo. Zabibu ya briksi 22 itatoa mvinyo wa kileo cha asilimia 12 hadi 13 hivi.

Sasa tuione ngazi hiyo. Zabibu za briksi 18 hadi 20, ambazo bado zina uchachu mwingi, zinafaa mvinyo wa mapovu. Zikifika 21 hadi 23, zinafaa mvinyo mkavu au mtamu kiasi. Zikivuka 24 na kuendelea, punje zikaanza kunyauka, zinafaa mvinyo mtamu. Shamba ni lile lile na mzabibu ni ule ule. Kinachotofautiana ni siku ya kuvuna.

Hapa ndipo mkulima na mnunuzi hugongana. Mkulima hulipwa kwa kilo. Zabibu ikikaa muda mrefu hukauka na kupungua uzito. Tuseme, kwa mfano tu, bei ni Sh1,000 kwa kilo na mkulima ana kilo 1,000, yaani Sh1,000,000. Mnunuzi akimwomba asubiri wiki mbili apate sukari zaidi, na mzigo ukapungua kwa asilimia 20, zitabaki kilo 800. Ili apate fedha ile ile, lazima alipwe Sh1,250 kwa kilo, na hapo hatujahesabu ndege watakaoshambulia shamba katika wiki hizo mbili. Mkulima anayekubali kusubiri bila kuongezewa bei anamlipia mnunuzi gharama za mvinyo mtamu.

Kinyume chake, anayevuna mapema kwa kuhitaji fedha za haraka huenda akapeleka zabibu za briksi 17 kwa mnunuzi aliyetaka 22. Mzigo huo utakataliwa au utapunguzwa bei. Kifaa cha kupimia kinaweza kununuliwa na kikundi cha wakulima kumi na kutumiwa na wote.

Mitindo ya Chenin

Msomaji anayetaka kuuza au kununua mvinyo huu anapaswa kujua mitindo ifuatayo.

Mkavu. Hapa hamira imekula karibu sukari yote. Kwa vipimo vya Ulaya, mvinyo wa namna hii kwa kawaida hauzidi gramu nne za sukari kwa lita, sawa na kijiko kimoja cha chai. Una harufu ya tofaa bichi, limau au pera, na uchachu unaosafisha mdomo. Huenda vizuri na samaki wa kukaanga, pweza, kuku wa kuchoma na chipsi. Mteja aliyezoea vitu vitamu atauita mkali, hivyo usimpe bila kumweleza.

Mkavu wa pipa. Huu umekaa kwenye pipa la mwaloni na mara nyingi hutoka kwenye mizabibu ya zamani. Ni mzito, una harufu ya asali na viungo, na bei yake ni ya juu. Afrika Kusini hutoa alama maalumu kwa mvinyo unaotoka kwenye mizabibu ya miaka 35 na zaidi, na sehemu kubwa ya mizabibu hiyo ya zamani ni Chenin. Kwa duka la mtaani si wa kununua kwa wingi, lakini unamfundisha mkulima kwamba mti mzee si wa kung'olewa kwa haraka. Huzaa kidogo, ila kwa soko sahihi kidogo hicho kina thamani.

Mtamu kiasi. Mtengenezaji husimamisha uchachukaji kabla sukari haijaisha, au huongeza mchuzi wa zabibu mwishoni. Kwa kawaida huwa na gramu 12 hadi 45 za sukari kwa lita. Hiki ndicho kiti alichokalia Lieberstein, na ndicho kinachopendwa na wanywaji wengi wanaoanza. Unafaa pilau, biriani na vyakula vyenye pilipili, kwa sababu utamu hutuliza ukali wa pilipili.

Mtamu. Huu hutokana na zabibu zilizoachwa hadi zikanyauka. Huko Loire, sehemu kama Coteaux du Layon, wavunaji hupita shambani mara kadhaa wakichagua vichala vilivyo tayari tu. Ukungu wa kijivu, ambao kwa kawaida ni adui wa zabibu, kwenye asubuhi za ukungu na mchana wa jua huikausha punje taratibu na kuacha sukari nyingi ndani. Dodoma isijaribu kuukaribisha ugonjwa huo, kwa sababu kwenye mvua za masika huozesha tu. Kukausha kwa jua la kiangazi ndiyo njia salama zaidi kwetu.

Wa mapovu. Mvinyo huchachuliwa mara ya pili ili gesi ibaki ndani. Kwenye chupa, msukumo wake unaweza kufika mara mbili hadi tatu ya ule ulio ndani ya tairi la gari dogo. Kwa hiyo usiuhifadhi juani, usiutikise, na unapofungua usielekeze kizibo usoni mwa mtu. Soko lake ni harusi, vipaimara na mahafali. Anayefanya biashara karibu na kumbi za sherehe za Temeke na Mbagala asiudharau.

Brandi na mvinyo ulioongezwa nguvu. Kwa muda mrefu Afrika Kusini ilitumia sehemu kubwa ya Chenin kutengeneza brandi, kwa sababu uchachu wake unafaa kutoneshwa. Kwa upande wa mivinyo iliyoongezwa nguvu, Watanzania wanaifahamu zaidi Dompo ya Dodoma, ingawa hiyo ni ya zabibu nyekundu. Mkulima mwenye Chenin iliyokosa ubora wa mvinyo akumbuke kuwa mlango wa kutonesha upo, ila ni kazi ya viwanda vyenye leseni, si ya nyumbani.

Kwa mkulima: makubaliano kabla ya mkasi

Kwa kuwa siku ya kukata matawi huamua siku ya kuvuna, mazungumzo na mnunuzi yanapaswa kufanyika kabla ya mkasi kuingia shambani. Mkulima anayekata matawi kwanza na kutafuta soko baadaye ameshafungwa mikono. Makubaliano yaandikwe, hata kama ni ukurasa mmoja, na yaeleze aina ya zabibu, briksi zinazotakiwa, wiki ya kuvuna, nani analeta kreti, nani analipia usafiri na fedha zitalipwa lini. Malalamiko ya wakulima kukopwa mazao si mageni nchini, na mengi hutokana na makubaliano ya mdomo.

Aidha, wakulima wa kijiji kimoja wasikate matawi siku moja. Wakipishana kwa wiki moja moja, mnunuzi atapokea mzigo anaoumudu na bei haitaporomoka.

Shambani, Chenin inahitaji uangalizi wa karibu. Vichala vyake vimebanana, hivyo punje moja ikioza huambukiza jirani zake. Ubwiriunga ndio ugonjwa wa kuogopwa kwanza, na hudhibitiwa kwa salfa inayopulizwa mapema kabla dalili hazijasambaa. Punguza majani yanayoziba vichala upande wa jua la asubuhi ili hewa ipite, lakini yaache ya upande wa jua la alasiri, la sivyo punje zitaungua. Mchwa nao hushambulia nguzo na mashina, hivyo kagua mara kwa mara.

Mkulima mpya ajue kuwa mzabibu si zao la msimu mmoja. Kuna gharama za nguzo, nyaya, miche na maji, na mavuno ya maana huanza kuonekana kuanzia mwaka wa pili au wa tatu. Miche ichukuliwe kwenye chanzo kinachoaminika kama TARI Makutupora. Anayechukua vipando kwa jirani bila kujua aina yake anaweza kugundua baada ya miaka miwili kwamba amepanda asichohitaji mnunuzi.

Jambo jingine ni mchuzi wa zabibu. Wakulima wa Dodoma wamekuwa wakikamua zabibu na kuuza mchuzi kwa viwanda pale mzigo unapozidi. Tani moja ya zabibu hutoa takriban lita 600 hadi 700, yaani kama chupa 800 hadi 930 za mililita 750. Kwa Chenin, kazi hiyo inahitaji ubaridi na usafi zaidi kuliko kwa zabibu nyekundu, kwa sababu mchuzi mweupe hubadilika rangi haraka ukiguswa na hewa na kuwa kama chai. Kikundi kisicho na tangi la kupoozea ni afadhali kiuze zabibu kuliko mchuzi.

Kwa wasomaji ambao imani au msimamo wao hauruhusu kileo, zabibu bado ni biashara. Chenin iliyoiva huliwa kama tunda ingawa ina mbegu, na hutoa juisi yenye uchachu mzuri. Muuzaji wa matunda wa Tandika au Mtoni anayepata mzigo kutoka Dodoma aupokee alfajiri, auweke kivulini na auuze ndani ya siku chache.

Kwa muuzaji: hesabu ya glasi

Biashara ndogo ya vileo imebadilika. Tangu Machi 1, 2017 Serikali ilipopiga marufuku pombe kali za viroba vya plastiki, wauzaji wengi walilazimika kutafuta bidhaa nyingine za kuziba pengo. Mvinyo ni mojawapo, lakini una hesabu zake.

Chupa ya mililita 750 hutoa glasi tano za mililita 150. Tuchukue mfano kuwa umeinunua kwa Sh12,000 na kila glasi unauza Sh4,000. Ukiuza zote tano unapata Sh20,000, faida ya Sh8,000 kabla ya gharama nyingine. Ukiuza glasi tatu na mbili zikaharibika, umepata Sh12,000, yaani umefanya kazi bure. Kwa hiyo faida yako yote iko kwenye glasi mbili za mwisho, na glasi hizo hulindwa na friji. Mvinyo mweupe ukifunguliwa, uzibe na uuweke kwenye friji. Utadumu siku tatu hadi tano. Kwenye meza ya duka lenye joto la Dar es Salaam, kesho yake tayari umepoteza ladha.

Mvinyo wa boksi una mfuko wa ndani unaozuia hewa, na baada ya kufunguliwa huweza kudumu wiki nne hadi sita. Kwa anayeuza glasi chache kwa siku, boksi lina hasara ndogo kuliko chupa.

Chupa zisizofunguliwa zikae mahali penye giza na ubaridi, mbali na ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Zenye kizibo cha gome zilazwe ili kizibo kisikauke. Mvinyo mweupe utolewe ukiwa na nyuzi joto 8 hadi 10, na wa mapovu uwe baridi zaidi kidogo. Usiweke barafu ndani ya glasi isipokuwa mteja ameomba mwenyewe.

Jifunze pia kusoma lebo, kwani nyingi zimeandikwa Kiingereza au Kifaransa. Neno 'dry' au 'sec' maana yake ni mkavu. 'Semi-sweet' au 'demi-sec' ni mtamu kiasi. 'Sweet' au 'moelleux' ni mtamu. 'Brut' kwenye chupa ya mapovu ni mkavu. Ukiona neno 'Steen' kwenye chupa ya Afrika Kusini, ni Chenin ile ile. Maneno hayo machache yanatosha kumjibu mteja bila kubahatisha.

Kodi, stempu na leseni

Sera ya kodi imekuwa upande wa zabibu za nyumbani. Katika bajeti ya mwaka 2017/18, ushuru wa bidhaa kwa mvinyo unaotengenezwa kwa zabibu za nchini kwa zaidi ya asilimia 75 ulishushwa kutoka Sh202 hadi Sh200 kwa lita, wakati mvinyo wenye zabibu nyingi za nje ulitozwa zaidi ya Sh2,000 kwa lita. Viwango hupitiwa kila bajeti, hivyo uliza ofisi ya TRA iliyo karibu. Tofauti hiyo ndiyo nafasi ya mvinyo wa Dodoma kushindana kwa bei na chupa zinazotoka ng'ambo.

Tangu Januari 2019 mvinyo, pombe kali, bia na sigara vimetakiwa kuwa na stempu za kodi za kielektroniki. Chupa isiyo na stempu, hata ikiwa ya bei rahisi, inaweza kukugharimu bidhaa yote dukani. Angalia pia alama ya ubora ya TBS. Leseni ya kuuza vileo hutolewa na halmashauri chini ya Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, na ina masharti ya saa na mahali. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inakataza kumuuzia kileo aliye chini ya miaka 18, hata kama ametumwa na mzazi.

Pa kuanzia

Wakazi wa Mtoni wana bahati ya kuwa jirani na viwanja vya Sabasaba, barabara ya Kilwa. Kila mwaka, mwishoni mwa Juni na wiki za mwanzo za Julai, maonesho ya biashara huleta wazalishaji kutoka mikoani. Muuzaji aende na daftari. Amuulize mtengenezaji ni zabibu gani iliyotumika, ilivunwa lini, ina sukari kiasi gani na bei ya jumla ni ipi. Anunue chupa tatu tu, moja kavu, moja tamu kiasi na moja ya mapovu, awaonjeshe wateja wake wa kudumu na kuandika walichopenda. Baada ya hapo ndipo aagize katoni.

Mkulima naye anaweza kufanya safari ya upande wa pili. Mavuno ya kiangazi huja wiki chache tu baada ya maonesho hayo. Akifika Temeke akakaa jioni moja kwenye duka la vinywaji, ataona wateja wanaulizia nini. Wakiulizia mtamu kiasi, hiyo ni habari ya kurudi nayo Hombolo au Mpunguzi na kuiweka mezani anapozungumza na mnunuzi kuhusu briksi na bei.

Mashamba ya zabibu karibu na jiji la Dodoma sasa yanashindana na viwanja vya kujenga, na mkulima asiyeona faida atauza ardhi. Mzabibu uking'olewa leo, itachukua miaka mitatu kuurudisha. Kinachoweza kuuacha ardhini ni chupa inayotoka kwenye rafu ya Mtoni ikiwa baridi, na muuzaji anayejua kueleza kilichomo ndani.